Kifuniko cha Mahameli

Hindu alikuwa jikoni akipara samaki aliposikia harufu ya mpira unaoungua, akadhani inatoka kwa jirani. Kisha akakumbuka. Akaacha kisu palepale, akakimbilia ukumbini na mikono yake imejaa magamba, na alipokivuta kile kifuniko cha mahameli kutoka juu ya kompyuta, joto lilimpiga usoni kama amefunua sufuria ya wali. Kioo, ambacho tangu asubuhi kilikuwa na maandishi ya kijani, kilimetameta mara mbili, kikaandika takataka isiyosomeka, kikazima.

Alisimama pale. Akaita, "Mama yangu wee," lakini kwa sauti ya chini, maana hakutaka mtu aitike.

Kifuniko alikishona mwenyewe kwa siku tatu. Mahameli ya rangi ya zambarau, bitana nzito nyeupe, na utepe wa dhahabu pembeni. Katika nyumba ile ya mtaa wa Shela, mjini Malindi, kila kitu cha thamani kilikuwa na nguo yake: redio, televisheni, chupa ya chai, hata jokofu lilivishwa kitambaa kichwani. Mumewe Jaafar alipoileta ile kompyuta ya ofisini wiki moja nyuma, ikiwa uchi vile na matundu yake mgongoni, Hindu aliiona kama mgeni aliyefika bila kanzu. Leo Jaafar alipokwenda kuswali adhuhuri akaiacha inawaka, naye Hindu akataka kufagia. Mchanga wa Malindi hauna adabu. Akaivika nguo yake mpya, kwa dakika tano tu. Kisha muuza samaki akabisha hodi.

Aliikunja ile mahameli, ingali moto, akakimbia nayo chumbani akaisukuma chini ya godoro. Alipogeuka alimkuta mkwewe, Bi Mahfudha, amesimama mlangoni na tasbihi mkononi.

"Nimekuona," alisema Bi Mahfudha. "Na sasa sijakuona. Nenda kanawe mikono."

*

Ndani ya kompyuta ile hamkuwa na mchezo. Mlikuwa na majina ya watu wa Adu na vijiji vya jirani, familia zaidi ya mia tatu zilizokuwa zikilima mashamba ya babu zao bila cheti hata kimoja. Jumatatu saa tatu asubuhi afisa wa ardhi angesimama mbele yao na orodha mkononi, na kila aliyemo angepewa kipande chake. Asiyekuwemo, shamba lake lingepewa mwingine, na watu wenye magari mazuri walikuwa wameshaanza kupita huko kuyatazama. Fomu walizojaziwa wanakijiji mwanzo zililiwa na mchwa kwenye stoo ya ofisi. Kilichobaki ni disketi moja nyeusi, nyembamba kama kitumbua kilichokaliwa, nayo ilikuwa ndani ya mashine.

Ofisi ilikuwa ikiezuliwa paa. Mkuu wake, Bwana Nahashon, ndiye aliyemwambia Jaafar aichukue mashine akamalizie kazi nyumbani. Jaafar aliomba barua ya ruhusa. Bwana Nahashon akacheka, "Kwani huniamini, Jaafar?" Naye Jaafar akacheka pia, kile kicheko cha makarani wadogo, akaibeba mashine ya shilingi elfu themanini kwa mkokoteni bila hata mstari mmoja wa maandishi. Tangu siku hiyo alikuwa hali akashiba. Alikuwa akimjua karani wa upande wa Marafa aliyepotelewa na daftari la serikali, mwaka huohuo wa themanini na saba. Karani huyo alilala rumande siku kumi na moja, akarudi nyumbani hasemi na mtu.

Hindu alikijua kisa hicho vizuri. Ndicho kilichokuwa kikimpita kichwani alipokuwa akinawa mikono kwa ndimu, na harufu ya samaki ikikataa kutoka.

*

Jaafar alirudi akipangusa jasho shingoni. Kwenye daka, pale penye viti vya mawe mbele ya mlango, alimpita mama mmoja wa Kigiriama aliyekuwa amekaa na kikapu chake. Jina lake Kache, mjane wa Randu, ametoka Adu. Alifika tangu asubuhi baada ya kusikia kuwa baadhi ya majina yamekosekana, na kweli lake lilikosekana. Kabla ya kwenda kuswali Jaafar alikuwa amemwandika kwa kumuuliza jambo moja moja, akamwambia, "Umeshaingia, mama." Lakini Kache alisema atangoja kidogo jua lipungue.

Jaafar aliingia ukumbini, akakiona kioo cheusi.

"Hindu! Umeme umekatika?"

"Haujakatika," Hindu alijibu kutoka jikoni. Sauti yake mwenyewe aliisikia nyembamba.

Jaafar alipiga magoti. Akashika waya mmoja mmoja, akachomoa, akachomeka. Kisha akatoa daftari lake la mafunzo, yale ya wiki moja aliyopelekwa Mombasa, lenye ukurasa aliouandika kwa herufi kubwa: MATATIZO YA KAWAIDA NA DAWA YAKE. Akasoma kwa sauti kama asomaye dua. Kioo kisipowaka, tazama waya. Alishatazama. Mashine ikiganda, izime, hesabu thelathini, iwashe. Alizima, akahesabu, na alipofika ishirini na mbili akapoteza hesabu, akaanza tena moja. Alipowasha, mashine ililia mlio mmoja mrefu kama mbuzi aliyekanyagwa, ikanyamaza. Akatoa disketi, akaipuliza, akairudisha. Mlio uleule. Daftari lilikataza kuweka disketi karibu na redio, na kunywea chai juu ya vibonye. Lilikuwa na mambo mengi. La kifuniko halikuwemo, maana aliyelitunga hakukulia katika nyumba ambayo redio ina nguo zake.

"Nani aliingia humu?" Jaafar aliuliza. Uso wake ulikuwa umepauka.

Hindu alifungua kinywa. Bi Mahfudha akamtangulia.

"Yule mama wa Adu aliingia kuomba maji," alisema. "Nilimwona amesimama karibu na hicho kidude chako."

Ilikuwa kweli. Kache aliingia, akapewa maji, akasimama akikitazama kioo. Bi Mahfudha hakuongeza neno hata moja la uongo, na hilo ndilo lililomtisha Hindu zaidi.

Jaafar alimwita Kache. Mama wa watu aliingia, viatu ameviacha nje, mikono ameifumbata kifuani.

"Uliigusa hii?"

"Mino, mimi, sikuigusa, baba. Niliitazama tu. Nilikuwa nalitafuta jina langu."

"Unajua kusoma?"

"Sijui."

"Sasa ulilitafuta vipi?"

Kache aliinamisha kichwa. "Nilidhani nikiliona nitalijua," alisema.

"Hii ni mali ya serikali!" Jaafar alipaza sauti. "Majina ya watu wote wa kwenu yamo humu. Umeyaua. Kakae pale daka, usiinuke. Naenda kumleta fundi. Akishindwa, nitakaporudi tena nitakuja na askari, uwaambie wao ulichokuwa ukikitafuta."

Kache alimtazama Jaafar, akamtazama Bi Mahfudha, kisha akamtazama Hindu. Hindu akajitia kushughulika na pazia.

*

"Mama, mimi nitasema," Hindu alisema walipobaki wawili jikoni.

"Utasema nini?"

"Kwamba ni mimi. Yule mama anatetemeka pale nje. Nimempelekea maji hakuyanywa."

Bi Mahfudha aliketi juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alimlea Jaafar peke yake kwa kuuza visheti, na katika maisha yake hakuna kitu alichokiogopa kuliko mtu mwenye kofia ya serikali kusimama mlangoni.

"Nisikilize, mwanangu. Wakija kumwuliza Jaafar, akiwa na mgeni aliyeiharibu, ana la kuwaambia. Akiwa ni mkewe, ndani ya nyumba yake, na barua hana, ana nini? Watamchukua. Ukimwona anatoka na hao watu, utakumbuka ulivyotaka kusema."

"Na yeye Kache?"

"Yule ataulizwa, ataonekana hajui kitu, atakwenda kwao."

Hindu alimwona Jaafar akipandishwa gari, kana kwamba limeshatokea. Kisha akamwona na Kache naye akipandishwa, na kikapu kikibaki pale daka, na ndani ya kikapu, alichungulia alipompelekea maji, hamkuwa na kitu ila mihogo miwili ya kuchemsha ya njiani. Aliogopa huku, akaogopa na kule. Samaki aliyekuwa kwenye beseni alianza kuvutia nzi, wala hakuna aliyemfunika.

*

Fundi Dzombo alikuwa akitengeneza redio kwenye kibanda cha mabati karibu na soko. Miwani yake aliifunga kwa uzi, vyombo vyake vilikaa kwenye kopo la majani ya chai. Kompyuta alikuwa hajapata kuiona hata nje yake, sembuse ndani, na alilisema hilo waziwazi alipoingia.

"Lakini ndani ya kila kitu ni waya tu," aliongeza, akaketi chini na kuanza kufungua skrubu, akizipanga kwenye sahani aliyopewa na Hindu.

Alipofunua bati, wote walisogea. Mlikuwa na vibao vya kijani vimesimama kama vitabu rafuni, na juu yake vidude vyeusi vyenye miguu mingi kama ya jongoo. Pembeni kulikuwa na kisanduku cha chuma kilichofungwa pande zote. Dzombo alinusa ndani.

"Jamani, kuna magonjwa mawili hapa, na mimi sina namna ya kujua ni lipi ila mnieleze. Kama mtu ameichokoa, au umeme umeipiga, ugonjwa uko ndani ya kisanduku hiki. Hakina skrubu. Nitakikata, nitalehemu, na nikikosea ndiyo basi. Kama ni joto, huko siendi kabisa. Naiacha ipoe, nafanya mengine. Sasa, ilikuwaje kabla haijazima?"

"Imechokolewa," alisema Jaafar upesi. "Na yule mama pale nje."

"Mlimwona?"

"Mama yangu alimwona amesimama hapa."

"Kusimama si kuchokoa." Dzombo aliivua miwani akaipangusa. "Mimi redio hazinidanganyi. Wenye redio ndio wanaonidanganya kila siku. Mtu anamwaga uji ndani halafu ananiambia ilizima yenyewe. Haya, mnasema imechokolewa. Niombeeni mkono usitetemeke."

Alichomeka chuma chake cha kulehemu ukutani, akachukua msumeno mdogo, akauweka juu ya ubavu wa kile kisanduku. Akaukwaruza mara moja kujipatia njia. Sauti ile Hindu aliisikia kwenye meno.

"Ilikuwa joto," alisema.

Bi Mahfudha alisema, "Hindu," kwa upole, kama amwitaye mtoto aliye karibu na kisima.

"Ilikuwa joto. Ni mimi niliyeifunika."

Aliingia chumbani akarudi na ile mahameli, akaitandika sakafuni mbele yao, bitana juu. Juu ya bitana nyeupe kulikuwa na mistari ya kahawia iliyopangana, sawasawa na matundu ya mgongo wa mashine. Hapakuwa na haja ya kueleza zaidi. Dzombo aliuweka chini msumeno, akachomoa chuma chake ukutani.

Jaafar hakufoka. Afadhali angefoka. Aliketi kwenye kiti.

"Tangu saa ngapi unajua?"

"Tangu kabla hujarudi."

"Ukaniacha nimtukane yule mama."

"Nilikuacha. Niliogopa watakuchukua."

Jaafar alijishika uso kwa mikono miwili. Hindu alijua kwamba hofu haijamtoka, imebadilika mahali tu. Awali ilikuwa na mgeni wa kubebeshwa, sasa ilirudi nyumbani kwake yote.

Hindu alitoka hadi daka. Kache alikuwa amekaa vilevile alivyoachwa, mgongo wima, maji pembeni hayajaguswa.

"Mama Kache, nisamehe. Ni mimi niliyeiharibu. Nilijua tangu mwanzo nikanyamaza."

Kache alimtazama. Machozi yalimlenga, lakini hakuyaacha yatoke.

"Basi nionyeshe choo," alisema. "Tangu aliponiambia nisiinuke sikuthubutu."

*

Dzombo aliamuru mashine ipepewe. Bi Mahfudha alikwenda jikoni akaleta upepeo wa ukindu, ule wa kuwashia jiko, akaketi akaipepea kompyuta saa nzima bila kuulizwa na bila kusema neno. Ilipopoa, Dzombo aliomba raba ya penseli. Jaafar akampa yake ya ofisini. Fundi alichomoa vibao kimoja kimoja na kusugua meno yake ya shaba, na raba ikageuka kijani.

"Hii chumvi ya bahari," alisema. "Imeshaila muda mrefu. Joto limekuja kumalizia tu. Na hivi, tazameni, vimefura vikainuka kwenye makazi yao." Akavibonyeza vile vidude vyeusi kwa kidole gumba, kimoja baada ya kimoja, na kila kimoja kilipoingia kilitoa mlio mdogo. Alihesabu kumi na kimoja vilivyokuwa vimenyanyuka.

Jaafar alishindwa kuiwasha. Dzombo akaiwasha mwenyewe. Mashine ililia mlio mmoja mfupi, kioo kikajikunyata, kikawa kijani. Disketi ikazunguka ikikoroma. Majina yakaanza kupanda, ya Adu, ya Marafa, ya wapi na wapi, na Jaafar akayafuata kwa midomo mpaka la mwisho. Alhamdulillahi, alisema, mara tatu, akampa Dzombo shilingi mia mbili, na asingalalamika angaliombwa elfu.

"Isifunikwe tena," Dzombo aliagiza akifunga skrubu. "Na dirisha la upande wa bahari lifungwe."

Hapo Kache akasema kutoka mlangoni, "Baba, nionyeshe langu niende zangu. Njia ni ndefu."

Jaafar aliganda. Hindu alimwona akitazama ile namba ya mwisho chini ya kioo: mia tatu na kumi na moja. Akatazama tena. Alikuwa amemwandika Kache, wa mia tatu na kumi na mbili, adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, akainuka. Hakuwa ameliweka jina hilo kwenye disketi. Ukurasa wa kwanza kabisa wa daftari lake, mstari wa kwanza, ulisema: weka kazi yako kabla hujainuka.

Kache alisogea. Mikono yake aliifunga nyuma ya mgongo, mtu asije akasema tena amegusa. Jaafar alinyoosha kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Hilo hapo, mama."

Kache alijiinamia, akalitazama lile jina, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Ni refu hivyo?" alisema.

Hindu alisoma kilichoandikwa juu ya kidole cha mumewe. Sidi Lewa, Marafa.

Angeweza kunyamaza. Alishasema kweli moja leo na nyumba ilikuwa bado inatikisika. Alimtazama Jaafar, na macho ya Jaafar yakamwomba kama hajawahi kumwomba kitu.

"Baba Jaha," Hindu alimwambia mumewe, "hilo ni la Sidi Lewa."

Tabasamu la Kache halikuondoka mara moja. Lilikaa usoni bila kazi, kisha likashuka.

"Hindu, tuko pabaya," Jaafar alinong'ona. "Nikiingia tena kwenye orodha ikazima katikati, disketi itaharibika yote. Ni watu mia tatu na kumi na moja kwa mtu mmoja. Acha tuifikishe Jumatatu hivihivi. Nitamsemea kwa Bwana Nahashon."

"Kwa mdomo?"

Dzombo, aliyekuwa akikusanya vyombo vyake kwenye kopo, alisema bila kuinua kichwa, "Mimi nimesema isifunikwe. Sikusema isiandikwe."

Jaafar aliweka vidole juu ya vibonye. Vilitetemeka hata vikagonga herufi zisizotakiwa, akaziondoa upesi kama amejiunguza. Akajaribu tena. Hindu akamgusa bega, naye akainuka, akamwachia kiti. Hindu hakuwa amepata kuigusa mashine ile ila kwa kitambaa. Alisoma hadi darasa la saba, herufi alizijua, lakini pale zilikuwa zimetawanywa ovyo. Alizitafuta kwa kidole kimoja, na kila alipobonyeza alingojea giza. K. Akangoja. A. Bi Mahfudha aliendelea kupepea. Jaafar, nyuma ya kiti, alisoma kwa sauti kavu yale ya kuulizwa, na Kache akayajibu upya yote, jina la marehemu mumewe, watoto wanne, minazi arobaini na mikorosho sita, mpaka wa shamba ni kwa Nzai.

"Sasa bonyeza hapa," alisema Jaafar. "Hapo inaweka."

Hindu alibonyeza. Taa nyekundu ikawaka ubavuni mwa mashine, disketi ikakoroma, ikakwama, ikakoroma tena. Hakuna aliyevuta pumzi. Hindu alijikuta amefumba macho. Alipoyafumbua taa ilikuwa imezimika, kioo bado ni kijani, na chini pameandikwa mia tatu na kumi na mbili.

"Limeingia?" Kache aliuliza.

"Limeingia, mama. Hili hapa. Kache Randu, Adu."

Kache alilitazama. Safari hii hakutabasamu. Alivuta kigoda, akaketi mbele ya kioo, akaupokea upepeo mkononi mwa Bi Mahfudha bila kuomba.

"Nitakaa kidogo," alisema, akaanza kuipepea mashine polepole. "Nione kama halitoki."

Nje muadhini alikuwa akiita alasiri. Jaafar alichukua kofia yake, akaitazama mashine, akaitundika tena, akatandika mkeka akaswali palepale.